Mfagiaji wa Jukwaa

Silantoi ni mtoto wa mama yangu mdogo. Anasoma chuo cha misitu kule Olmotonyi, na mambo haya yalimpata Jumamosi moja mchana kweupe, mjini, katikati ya watu. Nayasimulia kama walivyonieleza yeye na rafiki yake Twahira. Ya mwisho niliyaona mwenyewe.

Mwaka jana alifiwa na kaka yake, Tajeu. Lori lilimgonga akiwa kwenye pikipiki barabara ya Nairobi, karibu na kwangu Sakina, na mimi ndiye niliyeitwa kwenda kumtambua mochwari. Tulimzika nyumbani kwao, pembeni ya migomba. Mchungaji akasali, watu wakala, wakaondoka. Silantoi hakulia siku ile wala baadaye. Alirudi chuoni akawa mtu wa kula akiambiwa ale, na kulala akiambiwa alale.

Twahira wanaishi naye chumba kimoja bwenini. Kwao ni Kimandolu, mji wote anaujua.

"Leo tunatembea," alimwambia asubuhi hiyo. "Wewe kazi yako ni kunifuata tu."

Silantoi akamfuata. Walipiga picha Mnara wa Saa. Waliingia makumbusho kwenye lile boma la Wajerumani, wakazunguka Soko Kuu mpaka Twahira akapata hina aliyoitaka, wakala chipsi kuku wakiwa wamekaa juani. Mlima Meru ulikuwa umejitokeza wote, hauna hata wingu. Silantoi anasema aliviona vyote hivyo kama mtu anayeangalia televisheni iliyozimwa sauti.

Alasiri wakaenda kutazama maigizo. Kundi moja lilikuwa linaonyesha mchezo kwenye ukumbi wa zamani, habari za ndugu wanaogombania shamba la baba yao. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kila onyesho lilipokwisha, kijana mmoja alitoka nyuma ya pazia na ufagio, akafagia jukwaa, akarudi. Alivaa koti la kijivu lililomzidi.

Mara ya kwanza Silantoi hakumjali. Mara ya pili aliangalia mwendo wake. Tajeu alianguka mtini akiwa mdogo, na tangu hapo bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. La huyu nalo lilikuwa chini.

Mara ya tatu kijana alisimama ukingoni mwa jukwaa. Akatazama viti vya mbele. Akatazama vya katikati, taratibu, kama mtu anayemtafuta mwenzake kwenye umati. Macho yakafika kwa Silantoi. Yakakaa hapo.

Kisha akaendelea kufagia.

"Twahira," Silantoi alinong'ona. "Unamwona yule mwenye ufagio?"

"Namwona. Ana nini?"

"Ni kaka yangu."

Twahira alizijua picha za Tajeu, zilikuwa ukutani chumbani kwao. Akamwangalia yule kijana vizuri. Alimshika mwenzake mkono, na anasema mpaka mchezo unakwisha hakusikia neno hata moja la waigizaji.

Watu walipotoka, wao walikwenda nyuma ya jukwaa. Mkuu wa kundi, mzee mmoja aitwaye Ndesanjo, alikuwa anakunja mavazi.

"Shikamoo, mzee," Twahira alisema. "Yule kijana anayefagia ni nani?"

"Marahaba. Yule hata mimi simjui, binti yangu. Alitukuta tunafanya mazoezi, akachukua ufagio. Haongei. Ukimpa chakula anakitazama tu mpaka kinapoa. Tumemzoea." Akaelekeza kwa kidevu. "Yuko pale."

Alikuwa amesimama kwenye kona, uso ameugeuzia ukutani.

Silantoi alimsogelea. Anasema hakuogopa, na hakufurahi. Hakuhisi kitu chochote, na hilo ndilo linalomtisha mpaka leo. Alimwita jina lake kwa sauti ya chini. Kijana akageuka. Ulikuwa uso wa Tajeu, na mshono wa pale kichwani nilioona mimi mochwari. Silantoi hakuwahi kuuona ule mshono. Jeneza lilifungwa kabla hajafika. Lakini aliponieleza, alinionyesha kwa kidole ulikoanzia na ulikoishia, na hakukosea.

Akampigia mama yake simu. Aliiweka sauti ya nje ili Twahira asikie.

"Mama, nimemwona Tajeu."

Kuku walisikika kule nyumbani. Mama mwingine angesema, mwanangu, Tajeu tumemzika. Mama mdogo aliuliza, "Wapi?"

"Hapa mjini. Niko naye."

"Amekugusa?" Sasa alikuwa ananong'ona.

"Hapana," Silantoi alisema.

Twahira akamgusa bega, akamwonyesha chini.

Tajeu alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Vidole vyote. Amekaza. Silantoi aliviona, lakini hakuvihisi.

"Mama," alisema. "Amenishika."

"Mwambie asije nyumbani."

"Mama..."

"Mwambie. Sasa hivi. Usilie mbele yake."

Silantoi akamtazama kaka yake machoni. "Mama anasema usije."

Kijana aliinamisha kichwa, kama mtoto aliyekatazwa kwenda nje kucheza. Akaachia kidole kimoja. Kingine. Kingine. Akaokota ufagio, akapita nyuma ya pazia. Twahira alilifunua. Palikuwa na ukuta, na ufagio umeegemezwa.

Mzee Ndesanjo aliendelea kukunja mavazi. "Atarudi," alisema. "Huwa anarudi."

Jioni ile bwenini Silantoi alichemsha maji ya kuoga. Yalimwagika mkononi, Twahira akashtuka, yeye hakushtuka. Siku iliyofuata muuguzi wa zahanati alimchomachoma kwa ncha ya sindano kuzunguka kifundo chote, kupima ganzi. Pale palipokuwa na vidole vya Tajeu, hakusikia. Kati ya kidole na kidole, alisikia. Muuguzi aliichora mipaka kwa kalamu ya wino ili aone ganzi inaishia wapi. Ulipokamilika ulikuwa mchoro wa mkono wa mtu mzima. Muuguzi akafunga kalamu, akamwambia aende hospitali kubwa.

Kabla ya kwenda huko, nilimpeleka kwao. Tulimkuta mama mdogo amekaa jikoni anamenya ndizi. Tukamwamkia, akaitikia. Silantoi akaweka mkono mbele yake, ile michoro ya wino bado haijafutika.

Mama mdogo aliitazama muda mrefu. Akaweka kisu chini. Akapandisha mkono wa sweta lake polepole, kifundo, kigasha, mpaka juu ya kiwiko.

Alikuwa na alama za kuungua na moto wa jiko, nyingi, mpya juu ya za zamani, kwenye ngozi ambayo kwa muda mrefu haikuwa imemwambia mwenyewe kuwa inaungua. Zilianzia kwenye kifundo na kupanda juu. Kati ya alama na alama, ngozi ilikuwa nzima, imenyooka, kwa upana wa nafasi iliyo kati ya kidole na kidole.

Mama mdogo akashusha sweta, akachukua kisu, akaendelea kumenya ndizi.