Bushi Iliyozunguka Peke Yake

"Sindano, una dakika kumi na tisa," sauti ya Shangazi ilisema sikioni mwake. "Saa nane kamili tunamkamata mzee."

Sindano alikuwa ameketi kwenye kiti cha watu, mbele ya kompyuta ya watu, Beretta ikimchoma ubavuni chini ya koti la kazi. Chumba cha wachoraji kilikuwa kitupu. Wote walikuwa wameteremka kula.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Hilo lilikuwa jina la kazi la mkuu wake katika idara ya upelelezi, mama asiyerudia amri.

Mzee ndiye aliyemuuma. Mzee Rula, mchoraji mkuu wa kiwanda cha pampu, alimpokea Sindano miezi mitatu nyuma akidhani ni kijana anayetafuta kazi kweli. Akamfundisha programu ya kuchora, akamkaribisha nyumbani, akamwita mwanangu. Na Sindano, bila haya, akaitika.

"Mna ushahidi gani?" alinong'ona.

"Pampu zinageuzwa bunduki, na kila mchoro una jina lake. Unataka nini zaidi?"

Jumatatu makasha kumi ya pampu za maji yalipita getini. Jumatano mlinzi wa ghala la serikali alipigwa risasi kwa mojawapo ya pampu hizo, akafa. Na aliyeandika ripoti kwamba michoro haina neno alikuwa Sindano mwenyewe.

Tangu siku hiyo nafsi ilikuwa ikimsuta.

Alifungua faili. Pampu nzima ikajitokeza kwenye skrini, vipande arobaini na viwili vimeunganishwa. Akabana gurudumu la kipanya, akasukuma. Pampu ikageuka yote kwa pamoja, juu, chini, nyuma.

Safi kabisa. Hivi ndivyo alivyoikagua mara ya kwanza.

Mkono wake ukasimama.

Hakuwa amezungusha kipande hata kimoja! Alikuwa amegeuza picha tu, kama mtu anayeizunguka nyumba kwa nje kisha anaapa kwamba ndani hamna mwizi. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mzee Rula alimwonya mara ngapi?

Akachagua boliti moja, akatoa amri ya kuzungusha kipande. Ikagoma. Ya pili nayo ikagoma. Mzee Rula alijulikana kwa hilo: alifunga kila kitu kisizunguke, hata boliti ya kifuniko, na vijana walimcheka hadi wakachoka.

Akajaribu bushi ya katikati, kile kibomba kifupi kinachoshika mhimili.

Ikazunguka.

Ilizunguka peke yake, pampu yenyewe imetulia tuli. Nyuzi kumi, arobaini, tisini. Matundu yakakaa kwenye mstari mmoja, na pini iliyokuwa imezibwa nyuma yake ikapata njia iliyonyooka. Haikuwa pampu tena; ilikuwa bunduki.

"Mwanangu, nani kaifungua hiyo?"

Mzee Rula alikuwa nyuma yake, miwani mkononi, amekunja uso.

"Si wewe, mzee wangu?"

"Mimi? Mimi niache bushi ijizungukie ovyo? Labda niwe nimelewa, na pombe sinywi."

"Nani mwingine kaligusa faili?"

"Yule mhandisi wa wanunuzi. Mwezi uliopita, nilipoenda kula. Aliniambia anabadilisha rangi tu."

"Na mngeamini hivyo, mngeishi."

Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni. Bastola yake ilikuwa na kiwambo cha kuzuia sauti, na ilimwelekea mzee.

Sindano aliupiga teke mgongo wa kiti cha magurudumu kilichokuwa kando yake. Kikamgonga mhandisi magotini. Risasi ikapaa, ikachimba dari. Kabla hajasimama sawasawa, kitako cha Beretta kilimshukia nyuma ya sikio.

Akalala kifudifudi. Pingu zikalia.

"Shangazi, zuia kontena la pampu linalotoka leo. Mtu wetu ni mhandisi wa wanunuzi. Mzee hana hatia."

"Jina lake liko..."

"Bushi iliachwa huru. Mzee hafanyi hivyo, kiwanda kizima kinajua. Ningezungusha kipande siku ile ningeiona. Sikuzungusha. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo, kazi huna."

"Andika."

Vibonye vya kompyuta vikalia sikioni mwake. "Kontena limezuiwa," Shangazi alisema. "Na nimeandika."

Mzee Rula alitazama pingu, akatazama bastola, kisha akamtazama kijana wake.

"Kumbe," alisema taratibu. "Na yule mama yako mgonjwa uliyetusimulia? Mke wangu humwombea kila siku. Naye yupo?"

"Hayupo, mzee wangu. Alishafariki zamani. Nisamehe."

Mzee alivaa miwani yake na kumgeuzia mgongo. Heri angemzaba kofi.

Sindano alinyoosha koti, akashuka ngazi huku askari wakipanda mbio. Hakuna aliyemsimamisha.

"Sindano, unaelekea wapi? Rudi ofisini."

"Kwa mjane wa mlinzi."

"Ukamwambie nini?"

"Kwamba mumewe alikufa kwa uvivu wangu. Asije akausikia kwa watu."

Alichomoa kidude cha sikioni, akakitia mfukoni, akavuka barabara bila haraka.