Bakuli la Chai Kok-Tobe

"Raushan, tufaha limeiva."

Sauti ya mkuu wake, Kanat, ilikwaruza kwenye kisikilizio. Raushan hakusimama. Aliendelea kupanda njia ya bustani ya mlima Kok-Tobe, mkono mmoja ndani ya koti, juu ya bastola yake ya Makarov.

"Limeiva wapi?"

"Huko huko mlimani. Muuzaji anashuka na gari la nyaya la saa kumi. Kapsuli ya mionzi imo ndani ya chupa ya chai. Akifika mjini tu, tumempoteza, na tutaisikia kapsuli siku itakayoua watu."

"Sura yake?"

"Hatuna. Anajifanya Mkazakhi mwenzetu. Na sikiliza, namtaka hai. Ni yeye tu anayemjua mnunuzi."

Namtaka hai! Rahisi kwa Kanat kusema. Si yeye aliyempakata Temirkhan, mwenzake Raushan wa kazi, akikata roho. Mwaka jana, kwenye njia hii hii, mtu huyo huyo alimpiga Temirkhan risasi ya mgongo akatokomea. Tangu hapo Raushan hakuikanyaga bustani hii. Leo kila alipopiga hatua alisikia nyingine nyuma yake, nzito, ya kuchechemea, kama ya marehemu Temirkhan.

Akageuka.

Maharusi tu, wakipigwa picha.

Saa kumi kasoro dakika saba.

Kwenye kibanda cha chai, wanaume wenye chupa za chai walikuwa watano. Loh! Amkamate yupi?

Mmoja, mwenye kofia ya sufu, alikuwa meza moja na bibi kizee. Alilichukua birika la kibanda kwa adabu zote, akamjazia bibi bakuli pomoni.

Bibi akakunja uso. "Kumbe unanifukuza, mwanangu? Hata sijakaa vizuri!"

Yule bwana akacheka. "Kunywa, bibi, ipo tele."

Raushan aliganda. Mtoto wa Kikazakhi hulijua hilo kabla hajaota meno: mgeni humiminiwa nusu, ili aongezewe tena na tena. Ukimjazia, umemwonyesha mlango.

Akaketi kando yake.

"Chupa yako mbona huifungui, kaka?"

Mkono wa mtu yule ukazama kotini. Raushan alikuwa mwepesi zaidi. Kitako cha Makarov kilitua kwenye kifundo cha mkono, bastola ya yule bwana ikaanguka, naye akalazwa kifudifudi, mtutu kisogoni.

"Piga," sauti ikamwambia sikioni.

Haikuwa ya Kanat.

Kidole kikakaza. Alimchukia mtu huyu mpaka machozi yakamlenga.

"Raushan!" Sasa alikuwa Kanat. "Yu hai?"

Raushan akaondoa kidole kwenye kifyatulio.

"Hai," alisema. "Na chupa ninayo."

Kanat alifika na vijana wake, wakamtia yule bwana pingu. Akamshika Raushan bega. "Temirkhan huko aliko amefurahi."

"Hapana, mkuu. Ameniambia nimuue."

Akamkabidhi chupa, akafunga vifungo vya koti, akaanza kushuka mlima kwa miguu.