Santuri Iliyopinda

Kila siku baada ya masomo, Kidoti alipitia kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa, akaokota pini kwa sumaku, kisha akapanga vifungo kwa rangi zake. Aliitwa Kidoti kwa sababu ya doa dogo jeusi shavuni, na hata walimu walikuwa wamelizoea jina hilo.

Siku aliyoipenda zaidi ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo shangazi alifungua gramafoni iliyokuwa juu ya kabati, akatoa santuri moja kwenye jalada lake na kuiweka taratibu. Ilikuwa albamu ya zamani ya muziki wa roki, ule mzito wa magitaa yanayonguruma na ngoma zinazotikisa madirisha. Jaladani walionekana vijana wanne wenye nywele ndefu, wamenuna kama walionyimwa chakula. Baba yake Kidoti, ambaye ni dereva wa lori, ndiye aliyemletea dada yake zawadi hiyo kutoka safarini, mwaka alipohitimu ufundi.

Muziki ulipoanza, mguu wa shangazi ulikanyaga cherehani kwa kufuata mapigo.

"Suruali zangu zikitoka hapa zinatembea zenyewe," wateja walimtania.

"Basi ongeza mwendo, zisije zikakuacha nyuma," naye aliwajibu bila kuinua kichwa.

Jumatano moja asubuhi, fundi redio wa mtaani alikuja kubadilisha mkanda wa gramafoni uliokuwa umelegea. Aliijaribu kwa santuri ile ile, akaridhika, akaenda zake. Alasiri shangazi alitoka kupeleka sare za shule kwa wateja. Kidoti alibaki na rafiki yake, msichana mwenye maneno mengi aliyeitwa Chiriku.

"Nionyeshe hiyo santuri unayojisifia," Chiriku alisema.

Kidoti alijua kwamba haruhusiwi kuigusa peke yake. Hata hivyo aliitoa, wakaipeleka dirishani ili waone vizuri mistari yake myembamba ikimeta juani. Mara mteja akabisha hodi, anataka gauni lake. Wakaanza kulitafuta, likawa halionekani, na lilipopatikana likawa halijapigwa pasi. Santuri ilibaki kwenye kizingiti cha dirisha, jua kali likiichoma.

Kidoti alipoikumbuka, ilikuwa imepinda kama ukingo wa sahani. Alijaribu kuibonyeza kwa kiganja, lakini haikunyooka.

"Irudishe kwenye jalada unyamaze," Chiriku alinong'ona. "Kitu cha zamani hiki. Nani atajua?"

Kidoti akairudisha. Siku zilizofuata alifagia akiwa ameinamisha macho, na shangazi alipomuuliza kama anaumwa, alisema amechoka tu.

Jumamosi ilipofika, shangazi alitoa santuri, akaigeuza mkononi, akaona imepinda. Aliijaribu hivyo hivyo. Sindano ikaruka, na sauti ya mwimbaji ikawa kama ya mbuzi anayevutwa kamba. Akazima, akamtuma mtoto wa jirani akamwite fundi redio.

"Kaka yangu," alimwambia kwa sauti ya upole, "wewe ndiye mtu wa mwisho kuishika hii. Umeiweka karibu na pasi yako ya moto ya kuunganishia waya, eti?"

"Hapana, dada. Niliirudisha kwenye jalada ikiwa nzima."

"Mwalimu mkuu ameniomba nimtafutie fundi wa vipaza sauti vya shule. Nilitaka kulitaja jina lako. Sasa nitamwambia nini?"

Fundi alitazama mikono yake, kisha akaanza kuelekea mlangoni. Kidoti aliona mabega ya fundi yalivyoshuka, akasogea mbele.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Niliitoa, nikaisahau juani. Nikaogopa kukwambia. Fundi hana kosa lolote."

Shangazi alivua miwani yake, akamgeukia fundi kwanza.

"Nimekusema bila kuuliza vizuri. Nisamehe, kaka."

"Yamekwisha, dada," fundi alijibu. Kidoti naye akamwomba radhi. Fundi akaichukua santuri, akaitazama kwa pembeni. "Hii bado haijafa. Nipatieni vioo viwili vilivyo bapa."

Waliibana santuri katikati ya vioo, wakaipasha joto kidogo kwenye jua la asubuhi, kisha wakaiingiza kivulini na kuweka mizigo ya vitambaa juu yake. Fundi alimwachia Kidoti kazi moja: kutoigusa hadi Jumamosi nyingine. Kwa Kidoti, kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kufagia.

Katikati ya wiki fundi alipita akiwa amebeba kipaza sauti cha shule begani, akawapungia mkono.

Jumamosi wakaondoa vioo. Wimbo wa kwanza ulisinzia kidogo mwanzoni, halafu magitaa yakanguruma kama kawaida. Chiriku, ambaye naye alikuwa amekuja kukiri kwamba yeye ndiye aliyetoa ushauri mbaya, alicheka mpaka akashika mbavu kwa kuona mguu wa shangazi ukicheza.

Shangazi alipunguza sauti, akamvuta Kidoti karibu.

"Santuri hii naipenda, mwanangu, sikufichi. Na kuharibu kitu kunaweza kumpata yeyote. Lakini ulipokaa kimya, lawama haikupotea. Ilitafuta mtu wa kumwangukia, ikamkuta asiye na kosa. Ukiharibu, njoo useme mapema, hata kama unaogopa. Nitakasirika, halafu tutatafuta vioo."

"Nimekuelewa, shangazi," Kidoti alisema.

Shangazi akaongeza sauti, akarudi kwenye cherehani.