Bomba Lenye Uhai

Fundi Bomba alikuwa na raha zake. Asubuhi hiyo alikaza koki ya jikoni kwake huku akipiga mluzi. Miezi michache iliyopita hakuwa na hamu hata ya kusema. Macho yalikuwa ya manjano na ngozi ilimwasha mwili mzima. Jiwe lilikuwa limeziba mrija unaopeleka nyongo utumboni. Daktari alimwingizia mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, akapanua tundu la mrija, akatoa jiwe, kisha akaacha ndani kimrija cha plastiki. Fundi akapona.

"Kesho unarudi hospitali," mkewe akamkumbusha.

"Kufanya nini? Bomba likizibuliwa, maji yakapita, fundi anakusanya spana zake anaondoka. Kazi hii usinifundishe, mama watoto."

Mkewe hakubishana. Alimwita jirani yao, nesi, aliyekuwa akianika nguo uani.

"Shemeji," nesi akasema, "mabomba unayofunga ni ya nini?"

"Plastiki."

"Basi hayana uhai. Lako la tumboni linao. Ndani lina utando laini wenye seli ndogo ndogo. Tangu tundu lipanuliwe, vijidudu vya utumboni vinapanda kwa urahisi. Kimrija nacho kinasugua. Seli zikichokozwa hivyo, zinaongezeka na kubadilika."

Fundi akaiacha koki. "Ndiyo saratani hiyo?"

"Mara nyingi siyo. Lakini ni vizuri daktari aangalie. Na kimrija kikikaa mno kinaziba. Ukipata homa na kutetemeka, au macho yakirudi kuwa ya manjano, kimbia hospitali siku hiyo hiyo."

Fundi aliogopa, wala hakuficha. "Twende wote," akamwambia mkewe.

Kesho yake kimrija kilitolewa. Kilikuwa kimeanza kuziba. Daktari alichukua na kipande kidogo cha utando kikapimwe. Majibu yakaja: seli zimebadilika kwa kuchokozwa, saratani hakuna. Arudi tena kuangaliwa. Mkewe alicheka huku akilia.

Miezi ikapita. Siku moja Fundi alizibua sinki la mshonaji mmoja, maji yakashuka vizuri.

"Utarudi kulikagua?" mshonaji akauliza.

"Ya nini? Hili halina uhai," Fundi akajibu, akikusanya spana zake harakaharaka. "Lenye uhai ninalo mimi, na leo ndiyo siku yake ya kukaguliwa. Mke wangu ananisubiri kwenye geti la hospitali."