Sindano Ndani ya Mfuko

Katika jengo lao la Norsborg, pembeni mwa Stockholm, Uswidi, Dancille ndiye aliyeamka wa kwanza. Alichemsha chai ya maziwa, akaifunika, akavaa koti, akatoka. Mumewe, Vénant, alifanya kazi kwenye ghala la bidhaa huko Jordbro. Binti yao, Kelly, alikuwa bado anasoma. Dancille mwenyewe alisafisha ofisi, lakini mwaka ule wa 2009 tajiri wake alimpunguzia kazi. Ndipo alipoanza kuokota makopo.

Stockholm kopo tupu lina thamani. Unalipeleka dukani, unalitia kwenye mashine, nayo inakupa risiti ya kulipwa. Utaratibu huo Waswidi wanauita pant. Wengi hawajisumbui, hulitupa tu bustanini au kwenye pipa. Dancille aliokota, na alichopata alimtumia mama yake huko Ngozi, Burundi, anunue dawa ya presha.

Vénant hakutaka kabisa.

"Watu wakikuona umeinama kwenye mapipa watasemaje?" alimwuliza siku moja. "Tumekimbia vita, tumefika huku, halafu tuokote taka?"

Dancille alimwahidi kwamba ataacha. Hakuacha. Alianza kwenda kwa siri.

Tarehe mosi Mei ilikuwa sikukuu, na jioni iliyotangulia Waswidi walikuwa wamewasha mioto yao ya kukaribisha majira ya kuchipua. Asubuhi bustani ya kando ya ziwa ilijaa makopo. Dancille alifurahi. Chini ya benchi aliona mfuko mweupe umefungwa fundo. Aliutikisa, ukalia makopo. Akafungua fundo, akaingiza mkono bila kutazama.

Kitu kikamchoma.

Alivuta mkono haraka. Kwenye ncha ya kidole kulikuwa na tone la damu. Alichungulia ndani ya mfuko. Katikati ya makopo aliona bomba la sindano, lile wanalotumia watu wa dawa za kulevya. Lilikuwa limechakaa, sindano yake imepinda.

Dancille akatia kidole mdomoni na kukinyonya, kama alivyofanya utotoni alipochomwa na mwiba. Kisha akatambua alichofanya. Akatema mate mara nyingi kwenye nyasi. Aliacha mfuko, akaacha makopo yote aliyokusanya, akakimbia nyumbani.

Alimkuta Kelly mezani na vitabu vyake.

"Mamma, umefanya nini kidole?"

"Kisu," Dancille akajibu, akaingia bafuni kunawa.

Aliporudi, Kelly alikuwa anasoma karatasi za shule. Alianza kueleza kwa Kiswidi, kisha akageuza ulimi kwa ajili ya mama yake.

"Tunasoma magazeti ya zamani ya London, mamma. Ya wakati wa Malkia Victoria. Waandishi walikwenda kuwaangalia watu waliochambua taka za mitaani. Wanawake walisimama ndani ya majivu mpaka kiunoni, wanatafuta vitambaa na mifupa. Halafu gazeti linawaandika kana kwamba na wao ni taka. Huyu hapa alikatwa mkononi na chupa. Hakumwambia mtu."

"Ikawaje?"

"Alikufa. Damu yake iliingia uchafu."

Dancille alishika kiti.

Kuanzia saa ile hofu ilikaa naye kama mgeni asiyeaga. Alitenga kikombe chake na sahani yake. Mchana hakukata nyanya. Alimwambia Kelly akate. Binti yake alipotaka kumkumbatia, alirudi nyuma. Alimkumbuka shangazi yake huko Ngozi, aliyeugua UKIMWI akalishwa peke yake nyuma ya nyumba mpaka siku aliyofariki. Nani atakula na mimi? alijiuliza.

"Una nini?" Vénant akamwuliza.

"Kichwa tu."

Hakulala. Kila alipogusa kidole aliona kama kinavimba.

Kesho yake mchana alishuka kwenye chumba cha kufulia nguo, kule chini ya jengo. Alimkuta jirani yake Concessa, mama wa Bukavu, Kongo, ambaye ni muuguzi. Concessa alikuwa anakunja mashuka.

"Mama Kelly, kidole kimefanyaje?"

"Kisu."

"Mbona unakificha hivyo?"

Dancille alitazama mlango. Hapakuwa na mtu mwingine. Ghafla maneno yakamtoka yote pamoja na machozi: bustani, mfuko, sindano, ahadi aliyovunja.

Concessa hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu.

"Lini?"

"Jana asubuhi."

"Bon, basi. Acha nguo hapo. Twende hospitali sasa hivi."

"Leo Jumamosi, kliniki imefungwa. Nitakwenda Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali. Hospitali kubwa ina sehemu ya dharura, haifungwi. Dada, sindano ikikuchoma unakwenda siku ileile. Usisubiri kuona kama utaumwa."

"Kwani nitakufa?"

"Sikiliza." Concessa akamshika mkono, ule wenye jeraha, bila kusita. "Hatari ipo, lakini si kubwa kama unavyofikiri. Virusi vya UKIMWI havidumu sana nje ya mwili. Ugonjwa wa kuogopa zaidi ni homa za ini zinazoenea kwa damu, na moja ya hizo ina chanjo. Ukichanjwa mapema, inakukinga hata baada ya kuchomwa. Ndiyo maana nakukimbiza."

Ndani ya gari Dancille aliuliza lililomtesa zaidi.

"Nimeshawaambukiza wa nyumbani?"

"Kwa kikombe? Kwa kukumbatiana? Hapana. UKIMWI hauambukizwi hivyo, wala homa ile ya ini. Ni damu, na mambo ya mume na mke. Hayo subirini, au mtumie kinga, mpaka daktari aseme. Lakini kula na mtoto wako."

Hospitalini daktari aliuliza maswali mengi kuhusu sindano ile. Alimtoa damu kupima. Akamchanja chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda. Alieleza kwamba ziko dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, nazo lazima zianze mapema sana, na daktari ndiye huamua nani anazihitaji. Kwa sindano ile kuukuu, alisema, Dancille hakuzihitaji.

"Na nikichomwa tena siku nyingine, nifanyeje?" Dancille aliuliza, Concessa akamtafsiria.

"Osha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka," daktari alisema. "Usinyonye jeraha, usilikamue. Kisha njoo kwetu."

Jioni Dancille alimweleza Vénant kila kitu. Uso wa Vénant ulibadilika, na Dancille akadhani atapiga kelele.

"Umekaa na hofu hii peke yako kwa sababu yangu," alisema. "Ungekufa hapa pembeni yangu, na mimi nafikiria maneno ya watu."

Kusubiri majibu kulikuwa kugumu. Dancille alirudi kumalizia chanjo, na kila alipotolewa damu usingizi ulimpotea tena. Mnamo Oktoba, majani yalipoanza kuanguka, simu ya hospitali iliita. Dancille hakuweza kuipokea; alimpa Kelly. Kelly alisikiliza, akaitikia kwa Kiswidi, kisha akamrukia mama yake shingoni.

"Huna kitu, mamma! Huna kitu chochote!"

Dancille aliendelea kuokota makopo, sasa bila kujificha. Vénant alimnunulia koleo refu la kuokotea na glavu nene, ingawa Concessa aliwaonya kwamba sindano hupenya hata glavu. Dancille haingizi tena mkono ndani ya pipa wala mfuko asiouona ndani. Anaumwaga chini, anatazama, ndipo anaokota kwa koleo. Akiona sindano haigusi. Kelly huwapigia simu watu wa manispaa waje kuiondoa.

Jumapili moja, baada ya ibada, aliwaona wanawake wawili bustanini wakikusanya chupa. Mmoja alikuwa Mnyarwanda, mgeni mtaani. Alikuwa amepiga magoti karibu na pipa, mkono wake unashuka ndani.

"Usiingize mkono!" Dancille alipaza sauti kutoka upande wa pili wa njia.

Mnyarwanda yule alishtuka, mkono ukabaki hewani. Dancille alivuka njia mbio, akampa koleo lake, akaketi naye kwenye nyasi na kuanza kumweleza yaliyompata.