Aliyetoka Kabatini

Kicheko kilitangulia. Haifa alikuwa hajatoka kabatini pale jukwaani, hajatamka hata neno, viti vyote vya watazamaji vitupu, na bado mtu kule nyuma alikwisha kucheka.

"Nani huyo?" aliuliza Haifa.

"Mabomba ya kupasha jumba joto hayo," alisema Geofrey, mwongozaji. "Tuendelee, dada."

Walikuwa wakifufua kichekesho cha enzi za Malkia Victoria, kilichosahauliwa na kila mtu, katika jumba dogo la maonyesho nyuma ya barabara ya Edgware Road, huko ughaibuni. Bibi mwenye nyumba anamwita mtumishi wake, Betsi. Betsi kajificha kabatini. Watu hoi kwa kucheka. Na wa kuigiza Betsi, ungetegemea awe nani mwingine ila Haifa, mweusi pekee kundini?

"Miaka mia na hamsini, na wa kabatini ni mimi?" Haifa alimwambia Geofrey siku ya kwanza. "Huo ndio usasa wako?" Alikubali kwa sharti moja: mwishoni mtumishi atoke, bibi ndiye afungiwe. Geofrey alisalimu amri, ila naye akaomba lake: Betsi aitike kwa Kiswahili, "Abee!"

Mama yake Haifa, Bi Suad, hakucheka aliposikia. "Kwetu Pemba hatumwitikii mtu tusiyemwona mpaka aite mara tatu. Jini haiti mara ya tatu, mwanangu."

"Mama, ni mchezo tu."

Mchana huo wa kicheko, Haifa aliingia tena kabatini, mlango ukafungwa. Mle ndani mlinuka masizi na nta ya mishumaa, ingawa taa zote za jumba zilikuwa za umeme.

"Haifa!"

Hakuitwa Betsi. Sauti ilikuwa ya mama yake, sikioni kabisa, na ulimi uliofunzwa wiki tatu kuitika upesi haukungoja.

"Abee!"

Ganzi ikaanzia vidoleni. Alisikia mlango ukifunguliwa ilhali mbele yake giza liko palepale, akasikia viatu vyake mwenyewe vikitembea jukwaani, na Geofrey akipiga makofi, "Hapo sasa! Leo umetoka kweli, dada!", na simu ikalia katika koti lake pale kitini, na sauti yake yeye, nyororo, yenye adabu kuliko alivyopata kuwa nayo, ikajibu, "Abee, mama. Niko njiani," na alipotaka kupiga kelele akajikuta hana hamu, hana hofu, wala hana kinywa.

Mwishoni mtumishi atoke, bibi ndiye afungiwe. Sharti aliliweka mwenyewe.

Kule nyuma viti vitupu vilicheka. Safari hii kicheko hakikutangulia.