Ile Nguo Niliyoivalisha Laptop ya Binti Yangu

PAAA!

Kofi langu lilimpata Emile shavuni. Miwani yake iliruka ikaangukia kwenye ndoo ya maji.

Kibuli nzima, hapa Kampala, iligeuka kututazama. Wateja, watu wa boda, mama wa chapati, wote!

"Mwizi!" nilipiga kelele. "Leo utanijua mimi ni nani!"

Emile hakuinua mkono. Aliinama, akaiopoa miwani, akaifuta kwa shati. Kisha akaniambia polepole, kwa Kiswahili chake cha Bukavu:

"Papa Lanyero, kama unataka ile machini ipone, uniletee na nguo yake."

"Nguo gani?"

"Ile inavaaka kule nyumbani."

Watu wakacheka...

Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Nilitoa simu, nikampiga picha akiwa bado anadondosha maji, nikaituma hapa hapa kwenye group hii. Mnakumbuka? Niliandika: "TAPELI WA KIBULI. MKONGO HUYU ANAIBA VYUMA VYA LAPTOP. MSIMPE KITU."

Watu zaidi ya mia nne mliisambaza. Mmoja aliandika achomwe moto. Mimi nikambonyezea kidole gumba kwamba amesema vizuri.

Nimerudi kuwaambia kilichotokea baada ya picha ile. Someni mpaka mwisho, halafu mnitukane. Nitasoma yote.

Naitwa Ongom. Nina miaka hamsini na tatu. Shule niliiacha darasa la tano, jeshini nikashika redio ya mawasiliano miaka kumi na minane. Sasa ni mlinzi wa magorofa Bukoto. Sina maneno ya kuzunguka.

Mke wangu alishatangulia. Nimebaki na binti mmoja, Lanyero. Anasomea ualimu chuo kikuu, Kyambogo. Katika ukoo wetu wote hakuna mtu aliyewahi kufika huko!

Nilimtafutia laptop iliyokwisha tumika. Siku ilipoingia nyumbani nilimwambia:

"Hii tutaitunza kama redio ya jeshi."

Kule msituni redio ilikuwa na koti lake la turubai. Vumbi halipiti, mvua haipiti. Ukikutwa redio yako iko uchi, utaruka kichurachura mpaka uone nyota.

Basi nikaenda kwa mshona viatu, nikamchorea koti. Turubai nzito, ndani kitambaa cha blanketi. Linakaza chini na pembeni kote, unaacha skrini na vitufe tu. Tundu moja dogo la waya wa chaji.

Lilipendeza, jamani! Nililifunga mwenyewe kwa kamba.

"Baba, si litabana?" Lanyero aliuliza.

"Nani alishika redio miaka kumi na minane? Wewe au mimi?"

Akanyamaza.

Kumbukeni hapo. Akanyamaza.

Haikupita wiki mbili, shida ikaanza. Mtoto anaandika kazi yake ya chuo... pap! Skrini nyeusi. Anabonyeza, taa inawaka, feni inalia kidogo kama nyuki, halafu inakufa tena. Anabonyeza tena, inakufa. Mpaka ikae kimya karibu nusu saa ndiyo inakubali kuwaka. Na ikiwaka, dakika arobaini haimalizi.

Wenzake wa chuo wakamwelekeza kwa Emile, mkimbizi kutoka Kongo, mwenye kibanda Kibuli. Mke wake, Séraphine, anauza vitenge meza ya pili.

Nikaenda. Koti nililivua na kuliacha nyumbani. Kwa nini? Niliogopa ataliiba. Naandika kama lilivyokuwa kichwani mwangu.

Emile aliiwasha asubuhi. Niliporudi jioni ilikuwa bado inawaka, inacheza nyimbo za kwao.

"Papa, haina shida. Nimesafisha feni."

Nikaipeleka nyumbani. Nikaivalisha koti. Dakika arobaini... pap!

Nikarudi. Akabadilisha betri. Siku nzima kibandani ikafanya kazi. Nyumbani, pap!

Nikarudi mara ya tatu. Akafungua mpaka moyoni, akapaka ile dawa ya kupoza chuma kinachochemka. Siku nzima kibandani, salama. Nyumbani, pap!

Siku ile aliniuliza:

"Papa, kule nyumbani munaiwekaka wapi?"

"Mezani. Ulidhani naiweka kwenye sigiri ya mkaa?"

"Hakuna kitu kinaifunikaka? Ile machini inapumua, Papa. Inavuta hewa huku chini, inatoa moto huku pembeni."

"Kijana! Kazi yako ni kutengeneza, siyo kunihoji. Mimi nilitunza redio wewe ukiwa unanyonya!"

Akanyamaza. Naye pia.

Sasa tazameni akili yangu ilivyokwenda. Kwake inapona, kwangu inakufa. Basi huyu mtu anaweka kitu ndani ili nirudi kila wiki! Kesi ikaisha kichwani. Hakimu mimi, shahidi mimi.

Jumanne, mara ya nne, ndiyo nikampiga lile kofi.

Sikuishia hapo. Nilimpigia Ocaya, mwenzangu wa zamani jeshini, sasa ni polisi.

"Kesi gani, afande?"

"Wizi. Amebadilisha vyuma ndani."

"Umeona kwa macho?"

"Ocaya, tangu lini unaniuliza maswali?"

Akaja na pikipiki na pingu.

Hapo ndipo nilipomwona Emile anatetemeka. Kofi halikumtetemesha, pingu ndiyo.

"Papa, nakuomba. Munifunge Ijumaa, hata mwezi mzima. Alhamisi saa tatu niko na mahojiano ya safari ya wakimbizi, ile ya kutupeleka ng'ambo. Miaka saba tunangojea! Mimi, bibi yangu, na batoto batatu. Ukikosa siku yako, jina linarudi chini kabisa."

Mnajua nilimjibu nini?

"Utahojiwa kituoni."

Nikacheka. Nilikuwa mtu mmoja tu aliyecheka.

Séraphine aliacha vitenge vyake akapiga magoti mbele yangu, kwenye vumbi. Nilimzunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi.

Jioni, Lanyero aliiona picha kwenye simu. Akaingia chumbani bila kula.

Jumatano ikatokea ajabu.

Kwa hasira za jana nilikuwa nimeibeba laptop mkononi na kuiweka mezani vilevile, bila koti. Lanyero alianza kuandika saa nne asubuhi. Saa sita ikapita. Saa nane. Saa kumi... inawaka tu!

Niliruka, nyie!

"Umeona? Nimemfunga mwizi, mashine imepona yenyewe! Pingu ni dawa!"

Lanyero alinitazama. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikafunga.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, nimetoka zamu. Nikaona koti liko kwenye kiti. Nikajisemea, mashine imepona, sasa ilindwe. Nikalivalisha, nikafunga kamba vizuri. Lanyero akaiwasha.

Saa mbili na dakika tano... pap!

Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi.

Emile yuko ndani. Hakuna mkono wa Emile humu. Nani ameizima?

Jeshini tulifundishwa jambo moja kuhusu redio iliyokufa: usiguse vitu vitano kwa pamoja. Badilisha kimoja, usikilize. Miaka yote hiyo nilijua sheria hiyo, na sikuitumia hata siku moja kwa laptop ya mwanangu.

Nikalivua koti. Chini palikuwa pa moto kama pasi! Kile kitambaa cha blanketi kilikuwa kimeanza kubadilika rangi, palepale penye matundu ya hewa.

Nikaigeuza, nikaipepea kwa gazeti. Ikapoa. Ikawaka.

Sikutaka kuamini. Nikalivalisha tena, nikaifungulia video tatu kwa mpigo. Dakika kumi na mbili, ikafa. Nikavua, nikapepea, ikawaka.



Halafu yale maneno yakanirudia. "Uniletee na nguo yake."

Emile hakuwahi kuliona koti lile! Hata siku moja sikulipeleka Kibuli. Alijuaje kwamba mashine yangu inavaa nguo?

Niligeuka.

"Lanyero."

"Naam, baba."

"Ulijua?"

Akalitazama koti lililokuwa mkononi mwangu.

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua, baba. Chuoni nikiivua haizimi."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile shida ilipoanza."

"Na Emile?"

"Nilimwambia mimi. Mara ya pili ulipoipeleka." Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti. "Nikamwomba asikutajie jina langu. Alisema, usiogope dada, nitamwambia mzee pole pole, kama mtu anauliza tu."

Kama mtu anauliza tu...

"Lakini jana mtu yuko ndani! Kwa nini hukusema?"

"Baba, mara ya mwisho mtu kukwambia umekosea ilikuwa mama. Nakumbuka siku hiyo. Na wewe unaikumbuka."

Naikumbuka.

Emile angeweza kujiokoa kwa sentensi moja: "Muulize binti yako." Alikuwa na kofi shavuni, pingu mkononi, safari ya watoto wake inapotea... na hakuisema. Alimficha mwanangu nyuma ya mgongo wake. Alikuwa anamficha kutoka kwangu, baba yake!

Nilitazama saa. Saa tatu kasoro dakika kumi na nane.

Nilikimbia na kandambili. Boda wa kwanza alitaka kujua naenda wapi, nikamwambia wewe washa tu! Kituo cha polisi niliingia bila hodi.

"Ocaya, mtoe! Nimekosea!"

"Umesemaje?"

"NIMEKOSEA!"

Ocaya alinikazia macho. Miaka yote tuliyokaa pamoja hakuwahi kusikia neno hilo kwangu.

"Afande, kuingiza mtu ni dakika mbili. Kumtoa ni karatasi."

Andika maelezo. Ngoja mkubwa afike. Ngoja muhuri. Niliandika kwa mkono wangu wa darasa la tano, kalamu inanitoroka vidoleni, na saa ya ukutani haikuwa na huruma.

Tulitoka saa tano.

Emile hakuningoja. Alipanda boda, nami nikapanda ya nyuma. Tulifika kwenye ile ofisi ya wakimbizi akiwa na shati la siku tatu na alama za pingu mkononi. Séraphine alikuwa amesimama getini na watoto wote watatu, wamevaa nguo zao za kanisani, viatu vimepakwa rangi vizuri.

"Bameita jina mara mbili," alisema.

Nilimfuata mlinzi wa geti. Mlinzi kama mimi.

"Mkubwa, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfunga. Niandike mimi."

"Mzee, hapa hatuandiki makosa. Aende nyumbani, atapigiwa simu."

Tuliporudi Kibuli, kibanda kilikuwa kimepinduliwa. Meza ya kioo, vipande. Watu waliiona picha, wakaja kumsaidia Ongom kuadhibu mwizi. Sijui ni wangapi kati yenu mnaosoma hapa.

Séraphine aliokota bisibisi moja kwenye matope, akanigeukia:

"Papa, umetupiga mara tatu. Kwa mkono, kwa polisi, na kwa simu."

Nilipiga magoti palepale alipopigia yeye Jumanne. Emile akanishika bega.

"Simama, Papa. Usiniombe msamaha hapa, hapa siko mwizi. Uende uniombe kule ulikoniitia mwizi."

Alimaanisha hapa. Kwenu.

Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita. Miezi minane yote nilikuwa naogopa kuandika! Picha niliifuta siku ileile, nikajidanganya kwamba inatosha. Haikutosha. Mpaka wiki jana mama mmoja alimnyang'anya Emile simu aliyokuwa amemletea aitengeneze, akisema, "Kumbe ndiwe yule!"

Simu ya ofisi haijapigwa bado. Meza mpya nilimtengenezea mimi, kwa mbao na misumari, na kila Jumamosi nikitoka zamu nakaa pale kibandani. Watu wakiuliza mimi ni nani, nawaambia: mimi ndiye niliyemwita mwizi.

Emile alinieleza jambo moja ambalo sijalimaliza kulitafuna mpaka leo. Alisema mashine ile haikuwa mbovu hata kidogo. Ikiona moto umezidi, inajizima yenyewe ili isiungue.

Nikafikiria nyumba yangu. Mke wangu, aliyekuwa akinyamaza nikiingia mlangoni. Binti yangu, mdomo unafunguka kidogo, unafunga. Nikadhani ni heshima! Nikajisifu kwa majirani kwamba nyumba yangu ina nidhamu.

Walikuwa wanajizima ili wasiungue.

Ndugu yangu unayesoma, kama nyumbani kwako hakuna mtu anayekwambia umekosea, usifurahi. Papasa chini, uone kama hapajawa pa moto.

Fundi wa Kibuli anaitwa Emile. Siyo tapeli. Hajawahi kuniibia hata msumari. Uliyeisambaza picha, sambaza na hii.

Kabla ya kutuma nilimpa Lanyero asome. Alisoma yote. Akafika mahali nilipokuwa nimeandika kwamba jeshi ndilo lililonifundisha ukali, na kwamba mtu yeyote angeshuku kama nilivyoshuku.

Akaweka kidole hapo. Akanitazama machoni, na kidole hakukiondoa.

"Baba, hapa unajitetea. Futa."

Nimefuta.